Binti Anataka Kusoma Muziki

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuna nyumba chache ambamo ugomvi huanza siku ileile. Mtoto amefaulu. Alama zake zinamtosha kuomba sheria, ualimu au biashara, naye anasema anataka muziki. Hazungumzii kuimba kwaya Jumapili wala kupiga gitaa baada ya vipindi. Anataka shahada ya kwanza: miaka mitatu ya chuo kikuu, ada, bweni, mitihani na joho.

Ugomvi kama huo nimeusikia Unguja, Dar es Salaam na Nairobi, sebuleni, kwenye mazoezi ya vikundi na kwenye korido za vyuo. Hapa nimeupanga kama mazungumzo ya watu sita. Sikuwapa majina kwa sababu kila mmoja amebeba maneno ya wengi. Wamo mama mwenye binti, prodyuza wa studio, mhadhiri, mwalimu wa kwaya, mwanafunzi wa mwaka wa tatu na mzee mpiga fidla wa taarab. Mimi mwenyewe nina upande, wala sitauficha. Naamini shahada ya muziki inastahili kusomwa. Naamini pia kwamba, kwa jinsi inavyofundishwa kwetu, mtu ambaye ingepaswa kumweka katikati imemwacha nje.

MAMA: Mimi sina neno na muziki. Harusi yangu ilipigwa taarab mpaka alfajiri. Neno langu ni ada. Mtoto akisoma uuguzi, najua atabisha mlango gani. Akisoma muziki, abishe wapi?

PRODYUZA: Mama, umeuliza la maana. Tazama waliotufanya tuupende muziki. Mbaraka Mwinshehe hakuwa na digrii. Remmy Ongala hakuwa nayo. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na hakuwahi kukaa darasa la muziki. Mimi nilijifunza kumiksi kwa kukaa nyuma ya kiti cha mtu, namtazama mikono. Leo kijana ana kompyuta, programu na kibodi ndogo, anatoa wimbo kwa usiku mmoja. Miaka mitatu ya chuo ni miaka mitatu hajasikika.

MHADHIRI: Kaka, umewataja waliofika. Waliokuwa na vipaji kama vyao wakaishia njiani hatuwezi kuwataja, maana hatuwajui. Na chuo hakijawahi kuahidi kutengeneza nyota. Ngoja nikueleze siku moja darasani kwangu. Nakaa kwenye piano, napiga sentensi fupi ya muziki, wao wana karatasi yenye mistari mitano. Naipiga mara tatu. Mara ya kwanza wanasikiliza tu, ya pili wanaandika, ya tatu wanasahihisha. Tunaiita imla. Wiki za mwanzo wengi hutoka na karatasi nyeupe. Mwisho wa mwaka, yuleyule aliyekuwa anakisia anaandika sauti mbili zinazokwenda pamoja, na akikosea anajua amekosea wapi. Sikio lililofika hapo haliuzwi na programu yoyote.

PRODYUZA: Sikio langu limejifunza lenyewe.

MHADHIRI: Limejifunza, sibishi. Lakini umwambie nini kijana anayekuja kwako kesho? Akae nyuma ya kiti mpaka aelewe? Wewe ulielewa. Kufundisha ni kazi nyingine. Na kuna mambo ambayo kiti hakifundishi. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939. Wimbo ule ulizunguka dunia nzima kwa majina mengine, ukaingia kwenye filamu ya Disney. Yeye alikuwa ameuza haki zake kwa shilingi 10, akafa fukara mwaka 1962. Warithi wake walipata suluhu mwaka 2006 tu, baada ya mawakili kuingia kati. Mwanafunzi wangu anasoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kabla hajasaini karatasi ya mtu yeyote.

PRODYUZA: Hilo Dokta ni somo la siku moja na mwanasheria. Usinilipishe miaka mitatu kwa ajili ya siku moja.

Hapo prodyuza ana haki. Wanaotetea shahada ya muziki hupenda kuipamba kwa masomo ya pembeni: mikataba, masoko, usimamizi wa matamasha. Yanafaa, lakini mtu anaweza kuyapata kwenye kozi fupi. Shahada isimame kwa kile ambacho hakipatikani kwa haraka, au isisimame. Ndiyo maana aliyenigusa zaidi upande wa kuitetea ni mtu ambaye hana shahada hiyo.

MWALIMU WA KWAYA: Mimi natunga. Nasikia sauti zote nne kichwani, soprano mpaka besi, zimetulia. Nikianza kuziandika kwa sol-fa, zinanitoroka. Soprano naipata, besi naipata, hizo mbili za katikati nazibandika tu zijaze nafasi. Nikampelekea nyimbo zangu mtu aliyesoma. Hakunicheka. Alinionyesha kwa kidole: "Hapa tenor yako inaruka juu ya alto, hapa umewapa watu pumzi ndefu kuliko kifua cha binadamu." Nikarekebisha, kwaya ikaimba, nikasikia kile nilichokuwa nacho kichwani. Niambieni, kwaya ngapi nchi hii zina mtu kama huyo? Kila parokia ina kwaya, kila usharika una kwaya, mitaa mingine ina tatu. Sisi Wakatoliki tuliwahi kuwa na John Mgandu, mtunzi aliyekuwa pia mhadhiri wa muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyimbo zake tunaziimba mpaka leo. Nenda kasikilize sauti zake za katikati zinavyotembea. Ule ni ufundi wa mtu aliyesoma.

MAMA: Kwa hiyo mwanangu akasome ili akusahihishie nyimbo?

MWALIMU WA KWAYA: Ndiyo, mama. Na awafundishe wengine kusahihisha zao. Unaona ni kazi ndogo?

Mama hakuona ni ndogo. Aliona haina mshahara. Tutamrudia, kwa sababu swali lake la mlango halikwepeki. Kwanza tumsikilize mzee, aliyekuwa amenyamaza muda wote.

MZEE WA FIDLA: Mnasema kuandika, kuandika. Haya. Alikuja kijana kwenye kikundi chetu, ana cheti kizuri, mikono safi. Tunapiga Rast, moja ya zile ngazi za sauti tunazoziita makamu. Sauti ya tatu ya Rast haiko pale ilipo kwenye kinanda. Iko chini kidogo, baina ya ile ya furaha na ile ya huzuni. Ndiyo inayomtoa mtu machozi. Kijana akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mzee, fidla yako imeshuka, tia sauti." Nikamwambia mwanangu, fidla haikushuka. Wewe ndiye uliyefundishwa na kinanda.

MHADHIRI: Mzee wangu, hilo ni kosa la mwalimu wake.

MZEE WA FIDLA: Ni kosa la chuo. Mwalimu wake naye alifundishwa na kinanda.

Kuna jambo mzee analijua kuliko sisi sote, nalo limo ndani ya historia ya muziki wake. Inasimuliwa Unguja kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoupenda muziki wa Misri alimtuma Mohamed Ibrahim aende Kairo akajifunze ganuni, ala yenye nyuzi zaidi ya sabini zilizofungwa tatutatu. Alirudi na ujuzi, akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikazaliwa kikundi cha Ikhwani Safaa, nacho kipo hadi leo. Taarab tunayodhani ilichipuka yenyewe ufukweni ilitokana na mtu aliyetumwa kusoma, tena kwa gharama ya dola. Nilipomkumbusha mzee habari hii alikubali upesi kuliko nilivyotazamia, kisha akaongeza la kwake.

MZEE WA FIDLA: Alipelekwa kwa mafundi, maalim. Hakupelekwa kwa makaratasi. Aliketi na watu wapigao, akarudi apiga.

Sasa mwanafunzi. Huyu nitampa nafasi kubwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa ndani ya jambo lenyewe, wakati sisi wengine tunalitazama kwa nje.

MWANAFUNZI: Mwaka wa pili tulipewa kazi: tafuta wimbo wa kwenu, urekodi, uuandike kwa nota. Mimi kwetu ni Dodoma. Nikaenda kwa mjomba wa mama yangu, namwita babu, anapiga ilimba, ala yetu Wagogo. Nilidhani nitamaliza kwa siku moja. Nikaweka kinasa sauti, akapiga, nikarudi bwenini na vipokea sauti masikioni na kibodi mbele yangu. Sauti ya kwanza nikaipata, ya pili, ya tatu. Kuna moja ikakataa. Nikibonyeza ufunguo huu iko juu kidogo, nikibonyeza wa chini yake imepitiliza. Nikafikiri ilimba ya babu imechakaa.

MZEE WA FIDLA: Enhe! Fidla imeshuka.

MWANAFUNZI: Ndiyo, mzee, ni kosa lilelile. Nikampelekea mwalimu nikamwambia ala ni mbovu. Akaniuliza, "Umesikiliza ala nyingine za Kigogo?" Nikasikiliza zeze, nikasikiliza akina mama wanavyoimba. Sauti ile ipo kote, mahali palepale. Ndipo nikafundishwa kitu ambacho sikuwa nakijua. Ndani ya kila sauti moja kuna sauti nyembamba zilizopandana juu yake kwa mpangilio wa maumbile, na muziki wa Wagogo umejengwa juu ya mpangilio huo. Ile ya saba katika ngazi hiyo iko chini ya ufunguo wa piano ulio karibu nayo kwa takriban theluthi ya nusu-toni. Piano ndiyo iliyoisogeza ili funguo zake zote zilingane nafasi. Babu hakusogeza kitu.

MHADHIRI: Na ukaiandikaje?

MWANAFUNZI: Niliweka mshale mdogo unaoelekea chini juu ya kila nota ile. Ukurasa ulijaa mishale. Halafu kuna ule mvumo. Kwenye sanduku la ilimba kuna tundu limezibwa kwa utando wa buibui, ndio unaoifanya ilie kwa mkwaruzo kidogo. Ule sikupata alama yake. Nikaeleza kwa maneno chini ya ukurasa. Nilipomrudia babu nikamwimbia nilichoandika, nikisoma kwenye karatasi. Akanisahihisha sehemu mbili. Alikuwa anajua nimekosea wapi bila kuona karatasi.

MZEE WA FIDLA: Basi mwalimu wako ni babu yako.

MWANAFUNZI: Ndiyo. Lakini bila darasa nisingejua kwamba kuna swali la kumuuliza. Nimekua nikisikia ilimba tangu utotoni, na nilikuwa tayari kuandika kwamba ni mbovu.

Maneno hayo ndiyo utetezi mkubwa wa shahada hii niliowahi kuusikia, na ndiyo shutuma yake kubwa pia. Darasa lilimfungua sikio akasikia kilicho chake. Lakini darasa hilohilo, lingekuwa na mwalimu mwingine, lingemthibitishia kwamba ala ya babu yake imechakaa. Yote yanategemea ni nani yuko mbele ya wanafunzi, na nani amekatazwa kuwa mbele yao.

Hukwe Zawose, Mgogo aliyepiga ilimba na zeze na kuimba kwa sauti iliyotambulika hata Ulaya na Japani, alikuwa miongoni mwa walimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Alifariki mwishoni mwa 2003. Chuo cha Bagamoyo hakikuwa chuo kikuu, na labda hiyo ndiyo bahati yake. Katika chuo kikuu, mtu hapandi jukwaa la mhadhara kama mwalimu kamili bila shahada ya uzamili. Zawose angeitwa siku moja kwa onyesho, angelipwa nauli na chakula, kisha msomi aliyeandika tasnifu kuhusu yeye angesahihisha mitihani.

MHADHIRI: Unaniumiza, lakini ni kweli. Nimewahi kumleta mpiga marimba darasani. Wanafunzi walijifunza mengi zaidi kwake kwa saa mbili kuliko kwangu muhula mzima. Nikataka awe mwalimu wa muda. Fomu ina mstari unaouliza kiwango cha elimu, naye aliishia darasa la nne. Fomu ilirudi.

PRODYUZA: Sasa si ndiyo nilichosema? Mnafundisha vitabu.

MHADHIRI: Hapana, usiibebe upande wako hivyo. Studio yako nayo ina mpiga marimba? Una sauti ya marimba kwenye kompyuta, umeinunua, na imepangwa kwa funguo za piano. Babu wa huyu mwanafunzi hayupo kwangu, wala kwako hayupo.

Prodyuza alinyamaza hapo, na nadhani alinyamaza kwa uungwana. Biti nyingi zinazotoka studio zetu zina ngoma za kwetu zilizonyooshwa zifuate gridi ya programu na ala za kwetu zilizosawazishwa zifuate kinanda. Anayeweza kusikia kilichopotea na kukirudisha ni yule aliyefanyishwa kazi kama ile ya ilimba. Studio inamhitaji sana mtu huyo, hata kama haijatangaza nafasi yake.

Jirani zetu Kenya wanatupa mfano wa kazi aliyoifanya msomi wa muziki pale taifa lilipomhitaji. Mwaka 1963 wimbo wao wa taifa ulitengenezwa na jopo la watu watano kutokana na mahadhi ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Mahadhi yalikuwa ya akina mama, hakuna aliyehitaji digrii kuyatunga. Lakini kuyageuza yaimbwe kwa sauti nne, yapigwe na bendi ya polisi na yafundishwe shule zote kulihitaji watu wa nota. Mmoja wao, Washington Omondi, baadaye akawa profesa, na tume ya taifa ya muziki aliyoiongoza ilitoa ripoti mwaka 1984. Baada yake, mwaka 1988, ikaundwa tume ya kudumu ya rais ya muziki. Unaweza kuibishia tume hiyo mambo mengi. Huwezi kusema wasomi wale hawakuwa na kazi.

MAMA: Yote nimeyasikia, na mengine yamenigusa. Bado hamjaniambia mlango.

MHADHIRI: Sitakudanganya, mama. Mlango mmoja mkubwa hakuna. Ipo milango midogo, na wengi hupita zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja: anafundisha shule asubuhi, anaongoza kwaya jioni, wikendi anapiga kwenye hoteli au harusi. Ualimu ndio ulio wazi zaidi. Baraza la Mitihani la Tanzania linatahini somo la Muziki kidato cha nne, lakini shule zenye mtu wa kulifundisha ni chache mno. Kenya katika mtaala wao mpya wameifanya sanaa na michezo kuwa moja ya njia tatu za sekondari ya juu. Njia wameichora, walimu watatoka wapi?

MWALIMU WA KWAYA: Na shule za binafsi zinatafuta. Nami naulizwa kila mara, "Humjui mtu wa piano?"

MAMA: Na chuo nichague kipi?

MWANAFUNZI: Mama, usisome tovuti yao. Nenda. Ukifika, sikiliza piano. Pwani yetu ina unyevu, piano isiyohudumiwa inapotoka sauti upesi, na mwanao atafunzwa sikio kwa ala iliyopotoka. Uliza kipindi cha ala ni mara ngapi kwa juma, na ni cha mtu mmoja au cha kundi. Uliza vyumba vya mazoezi vinafungwa saa ngapi. Mimi nilikuwa nafanyia mazoezi bafuni usiku. Na uliza nani anafundisha ala za kwetu, kama wapo.

Kwa ala za pwani, swali hilo la mwisho lilipata jibu zuri Zanzibar, ingawa si katika chuo kikuu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza Forodhani mwaka 2002, kimefundisha udi, ganuni, fidla na ngoma kwa vijana ambao wengi wao hawakuwa na ala nyumbani, na waliofundisha walikuwa wapigaji wenyewe. Hao ndio mafundi anaowasema mzee. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba huenda kikafungwa kwa kukosa fedha, maana wafadhili wa nje waliokibeba walikuwa wamepunguza mkono. Barghash alilipa nauli ya mtu mmoja kwenda Kairo. Sisi leo tunashindwa kuwalipa mafundi walioko umbali wa kutembea kwa miguu. Hilo linanikera kuliko hoja zote za prodyuza.

MHADHIRI: Mzee, nikikuletea wanafunzi wangu wanne, utawapokea?

MZEE WA FIDLA: Nitawapokea. Lakini mtihani niutahini mimi. Kijana akae mbele yangu, nimtajie makamu, anipigie. Nikisema bado, ni bado.

MHADHIRI: Chuo kinataka mtahini mwenye shahada.

MZEE WA FIDLA: Basi chuo kinataka alama, hakitaki muziki.

MHADHIRI: Naweza kukaa pembeni yako, mimi nitie saini.

MZEE WA FIDLA: Nami nitie saini. Jina langu najua kuliandika.

Kwenye hili niko na mzee moja kwa moja, na natamani senati za vyuo vyetu zilijadili kabla ya kujadili rangi ya majoho. Mtihani wa vitendo utahiniwe na fundi wa ala hiyo, alipwe kama mtahini mwingine yeyote, na saini yake iwe na nguvu ya kumfelisha mtu. Sheria ya uhandisi wala udaktari haihitaji kuguswa kwa ajili hiyo. Inatosha idara moja iandike kifungu kimoja, na mkuu mmoja akitetee kikaoni.

MAMA: Ada ya muhula wa kwanza nitalipa. Lakini Dokta, nitakuja chuoni mwenyewe kuuliza nani anamfundisha mwanangu fidla. Nikiambiwa mzee huyu hayumo kwa sababu hana cheti, nitaomba niitiwe mwenye cheti, anipigie Rast nimsikie.